Mkanda, mfuko wa hewa au parachuti: uanze na kipi kwenye ndege ndogo?

Chukua ndege inayogusa ardhi kwa kilomita 90 kwa saa, mwendo wa kawaida kwa ndege ndogo inayotua shambani baada ya injini kuzimika. Ikiteleza mita 10 kabla ya kusimama, na mwendo ukapungua sawasawa, waliomo watasukumwa mbele kwa takriban g 3, yaani mara tatu ya uzito wao. Watashtuka, lakini watashuka kwa miguu yao. Ikisimama ndani ya mita 3, nguvu hiyo inapanda hadi kama g 10 na nusu. Ikikita pua kwenye tuta na kusimama ndani ya mita 1, ni karibu g 32. Ndege ni ileile na mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni nafasi ya kusimamia.

Kila kifaa nitakachokilinganisha hapa kinauza kitu kimoja: sentimita chache zaidi za kusimamia, au mahali pazuri zaidi mwilini pa kupokelea kishindo. Ukikishika hicho, matangazo ya wauzaji hayatakuyumbisha.

Nitoe msimamo wangu mapema, asiyetaka maelezo aishie hapa. Mfuko wa hewa ni kifaa kizuri, lakini ni tabaka la mwisho. Anayeufunga kwenye ndege ambayo mkanda wake wa bega umeshikizwa vibaya anapaka rangi nyumba isiyo na msingi.

Mkanda wa kiunoni peke yake, au pamoja na wa bega?

Hapa hakuna mashindano, ila bado kuna ndege nyingi za zamani zenye mkanda wa kiunoni tu, kwa hiyo tuliseme. Mkanda wa kiunoni hushika nyonga, nayo nyonga ni mfupa imara unaostahimili. Tatizo ni kilicho juu yake. Mwili hukunjika kama kisu cha mfukoni, kichwa kikachora nusu duara kubwa kuelekea dashibodi, na kwenye chumba cha ndege ndogo dashibodi haiko mbali. Kichwa cha kilo 5 kikisimamishwa kwa g 30 kinakuwa na uzito wa kilo 150, na kinachokisubiri ni vioo vya saa za vipimo na ukingo wa chuma.

Mwaka 2011 NTSB, bodi ya Marekani inayochunguza ajali za usafiri, ilitoa utafiti kuhusu mifuko ya hewa katika ndege ndogo. Matokeo yanayonivutia zaidi humo hayahusu mfuko wa hewa hata kidogo. Walipopitia kumbukumbu za ajali za ndege za injini moja, waliona kuwa rubani aliyefunga mkanda wa kiunoni tu alikuwa na hatari ya kufa au kuumia vibaya iliyo kubwa kwa asilimia 50 kuliko aliyefunga wa kiunoni na wa bega pamoja. Kwa kipande cha utepe na skrubu chache, hiyo ni faida ambayo vifaa vya bei mbaya huiota tu.

Kanuni za Marekani zimedai mikanda ya bega kwa viti vya mbele vya ndege ndogo zilizoundwa baada ya tarehe 18 Julai 1978, na kwa viti vyote kwa zilizoundwa baada ya tarehe 12 Desemba 1986. Ndege iliyotoka kiwandani kabla ya hapo inaweza kuruka kihalali bila mkanda huo. Uhalali na usalama si kitu kimoja, na ndege hudumu miaka mingi kuliko gari.

Pointi tatu, nne au tano

Pointi ni mahali mkanda unaposhikizwa kwenye ndege au kwenye kiti. Mkanda wa pointi tatu ni kama wa gari: kiunoni, kisha utepe mmoja unaopita kifuani. Ni rahisi kuvaa, na watu wanaujua tangu utotoni. Kasoro yake ni kwamba bega moja liko huru, hivyo ajali ikija kwa mshazari mwili unaweza kuzunguka na kuchomoka upande usio na utepe.

Pointi nne huongeza utepe wa bega la pili. Kiwiliwili kinakaa sawa, na mzigo unagawanyika kwenye mabega mawili. Lakini ina mtego ambao wajenzi wa ndege za kujiundia huuingia mara nyingi. Tepe za mabega zikiungana kwenye bizimu ya katikati, mwili unaposukumwa mbele huivuta bizimu ile kwenda juu. Mkanda wa kiunoni hupanda kutoka kwenye nyonga hadi tumboni, mahali ambapo hakuna mfupa wa kupokea chochote. Nyonga huteleza chini ya mkanda, na ini, wengu na utumbo vinabeba mzigo wa mifupa. Hugh DeHaven, anayehesabiwa kuwa baba wa taaluma ya kunusurika ajalini, alianza kujiuliza maswali yake baada ya kuanguka na ndege ya mafunzo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, na kutambua kwamba majeraha yake ya tumboni yalitokana na bizimu ya mkanda uliotakiwa kumlinda.

Pointi ya tano, utepe unaopita katikati ya miguu, ipo kwa ajili hiyo: kuishikilia bizimu chini. Kwa anayerusha ndege ya michezo ya angani, si anasa. Kwa abiria wa kawaida aliyevaa gauni au kanzu, ni usumbufu ambao ataukwepa, na mkanda usiofungwa hauna pointi hata moja.

Jambo zito kuliko idadi ya pointi ni pembe. Utepe wa bega unatakiwa kwenda nyuma ukiwa takriban usawa wa bega, au ukipanda kidogo, isizidi nyuzi 30 juu ya usawa huo. Ukishikizwa chini mno, tuseme sakafuni nyuma ya kiti, basi mwili ukisukumwa mbele utepe huyabana mabega kwenda chini na kuufinya uti wa mgongo. Ukishikizwa juu mno, hauuzuii mwili vya kutosha. Nao utepe wenyewe, ukitoka mbali sana nyuma, hurefuka zaidi unapovutwa, na kila sentimita unayorefuka ni sentimita ya kichwa kuikaribia dashibodi. Ndiyo sababu mafundi wengi hupendelea poliesta kuliko nailoni: haivutiki sana.

Kabla ya kuuliza bei ya mfuko wa hewa, basi, kaa kwenye kiti chako ukiwa umefunga mkanda, mwombe mtu apige picha kutoka ubavuni, uangalie pembe. Ni kazi ya dakika tano.

Mfuko ndani ya mkanda, au mfuko kwenye dashibodi?

Watu wakisikia mfuko wa hewa huwaza usukani wa gari. Kwenye ndege ndogo usukani unaingia na kutoka pamoja na kugeuka kushoto na kulia, au haupo kabisa na badala yake kuna fimbo katikati ya miguu. Huwezi kujua utakuwa wapi wakati wa kugonga. Dashibodi nayo imejaa vipimo na skrini hadi ukingoni. Tena gari lina bampa na chuma cha kukunjika mbele, na ajali zake nyingi hufanana. Ndege huweza kuja na pua, na tumbo, na bawa moja, au kinyumenyume.

Kwa hiyo ufumbuzi ulioenea ni kuuficha mfuko ndani ya mkanda wenyewe. Kampuni ya AmSafe ya Phoenix, Arizona, ndiyo iliyoutangulia. Ilianza na ndege kubwa za abiria mwanzoni mwa miaka ya 2000, hasa viti vinavyotazamana na ukuta, ambavyo havikuweza kupita majaribio ya kuumia kichwa kwa njia nyingine. Kisha ikaja kwenye ndege ndogo, na katikati ya muongo huo Cessna, kampuni inayounda ndege ndogo, ikaanza kuifunga mifuko hiyo kama kifaa cha kawaida kwenye ndege zake mpya za 172, 182 na 206.

Uundaji wake unastahili kuangaliwa kwa karibu. Mfuko hukunjwa ndani ya ala iliyoshonwa kwenye utepe wa kiunoni au wa bega. Bomba jembamba linaunganisha mfuko na chupa ya gesi iliyoshindiliwa, kwa kawaida heli, iliyofichwa chini ya kiti au nyuma yake. Kisanduku kidogo chenye kihisi na betri yake kinapima jinsi ndege inavyosimama kwa ghafla kuelekea mbele. Hakitegemei umeme wa ndege, na hilo ni muhimu: katika ajali nyingi umeme huwa wa kwanza kukatika. Bizimu isipofungwa, mfumo haujaamka.

Mbona heli, wakati magari hutumia baruti? Kwa sababu mfuko wa kwenye mkanda tayari uko kifuani pa mtu. Hauna safari ndefu ya kwenda kumfuata, hivyo unaweza kufumuka kwa upole zaidi, bila moto wala moshi, tena ukielekea mbele na si usoni. Baada ya kupokea kichwa na kifua hutoa gesi upesi, ili mtu asinaswe wakati anatakiwa kukimbia. Kwenye ndege iliyobeba mafuta mabawani, sekunde za kutoka zina uzito sawa na sekunde za kugonga.

Faida yake ni ipi basi, ikiwa mkanda wa bega upo? Ni mbili. Kwanza, hata mwenye mkanda mzuri wa bega kichwa chake hubaki huru. Kiwiliwili kinasimama, kichwa kinaendelea, na shingo inalipa. Mfuko hukipa kichwa kitu cha kuegemea mapema. Pili, mzigo uliokuwa umekusanyika kwenye utepe mwembamba juu ya mtulinga na kidari hutandazwa kwenye eneo kubwa zaidi. Katika utafiti ule wa 2011, NTSB iliridhika kwamba mifuko hii huweza kupunguza majeraha katika ajali kali zinazonusurika, na haikuona mahali ambapo mfuko wenyewe uliongeza madhara. Nisisitize maneno "zinazonusurika". Chumba cha rubani kikipondeka, hakuna cha kujadili.

Udhaifu wake, sasa. Kihisi kinaangalia mbele, hivyo ndege ikianguka bapa, nguvu yote ikija kutoka chini, mfuko unaweza usifumuke, na hata ukifumuka hautasaidia uti wa mgongo. Pia mfuko hufanya kazi mara moja tu. Gari kwa kawaida hugonga mara moja. Ndege hukata mti, ikagonga ardhi, ikaruka, ikagonga tena. Kazi ngumu ya mhandisi iko hapa: kihisi kisifyatuke kwa kutua kwa kishindo au kwa misukosuko ya hewa, lakini kisichelewe kishindo chenyewe kinapofika. Mfuko ukifumuka hewani rubani akiwa kazini, kifaa cha usalama kimegeuka hatari.

Na kuna uvaaji. Utepe uliosokoteka huelekeza mfuko kusikotakiwa. Mkanda uliolegea humwacha mtu aende mbele kabla mfuko haujajaa. Vifaa hivi vina umri pia: chupa na kisanduku huhitaji kukaguliwa na kubadilishwa kwa ratiba ya mtengenezaji, na gharama hiyo haimo kwenye bei ya kununulia. Anayenunua ndege iliyotumika aombe kumbukumbu za vifaa hivyo kama anavyoomba za injini.

Mfuko wa kwenye fremu ya ndege, mbele ya mtu, haukufa kabisa. Jeshi la Marekani liliifunga mifuko ya aina hiyo kwenye helikopta za UH-60 Black Hawk na OH-58D. Helikopta ya jeshi, hata hivyo, ina rubani anayekaa palepale kila siku, ana kofia ngumu, na ana mafundi wa kutosha. Mwenye ndege ya viti vinne hana hata kimoja. Kwake mfuko wa kwenye mkanda una faida isiyopingika: unamfuata mtu, awe mrefu au mfupi, kiti kikiwa kimesogezwa mbele au nyuma.

Kiti, ambacho hakuna anayekiulizia

Mifuko na mikanda hushughulika na nguvu inayokuja kutoka mbele. Nguvu inayokuja kutoka chini ni kazi ya kiti, na ndege huanguka chini.

Kanuni za Marekani za mwaka 1988 ziliacha kupima viti kwa mzigo wa kutulia, yaani usio na kishindo, peke yake na kudai majaribio ya kurushwa kwenye reli, kiti kikiwa na mwanasesere wa vipimo. Kwa viti vya mbele vya ndege ndogo, jaribio la kwanza lina kilele cha g 19, kishindo kikija zaidi kutoka chini, kwa badiliko la mwendo la mita 9.4 kwa sekunde. La pili lina kilele cha g 26 kuelekea mbele, kwa mita 12.8 kwa sekunde. Kilele kinafikiwa ndani ya sehemu 5 za mia za sekunde. Mzigo kwenye uti wa mgongo chini ya kiuno usizidi pauni 1,500, kama kilo 680 hivi, na kipimo cha hatari ya kuumia kichwa kisivuke 1,000. Mwaka 2017 kanuni hizo ziliandikwa upya kwa mtindo wa kueleza lengo badala ya njia, lakini namba zenyewe bado ndizo watu wa fani wanazozungumza.

Tatizo ni kwamba kanuni mpya hubana muundo mpya. Cessna 172 iliidhinishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1955, na ndege za ukoo wa zamani kama huo ziliendelea kutengenezwa kwa msingi wa kanuni zilizozikuta. Mbili zilizoegeshwa jirani, zote mpya machoni, zinaweza kuwa na viti vilivyopimwa kwa mizani tofauti kabisa. Ukiwa unanunua, uliza: kiti hiki kimefaulu g 26? Muuzaji anayejua kazi yake atakuwa na jibu.

Kiti kizuri hukunjika kwa mpango. Chini ya mto wa kiti cha Cirrus, aina ya ndege ndogo za Marekani, kuna aluminiamu yenye umbo la sega la asali, inayopondeka polepole na kuila nguvu kabla haijafika mgongoni. Mto laini mnene, ule unaopendeza dukani, hufanya kinyume: mtu huzama bila upinzani, kisha hukutana na kiti kigumu akiwa tayari ana mwendo. Sponji inayofaa ni ile inayorudi polepole ukiibonyeza. Kama unatengeneza ndege nyumbani, mabadiliko haya ni ya bei ndogo kuliko yote ninayoyajua.

Parachuti ya ndege nzima

Wengine huiweka kwenye mizani moja na mfuko wa hewa, ingawa vinatatua matatizo mawili tofauti. Parachuti hushughulika na ndege ambayo haitaweza kutua: imegongana angani, imepoteza udhibiti, rubani amezimia. Ndege za Cirrus zimekuwa nayo tangu SR20 ilipoidhinishwa mwaka 1998. Inahitaji kimo cha kutosha ili ifunguke, kwa hiyo injini ikizima mara tu baada ya kupaa, ukiwa juu kidogo ya miti, si ya kutegemea. Mkanda na mfuko huanzia pale parachuti inapoishia.

Cirrus iliyoning'inia chini ya parachuti hushuka kwa takriban futi 1,700 kwa dakika, kama mita 8.6 kwa sekunde. Ni sawa na kudondoka kutoka urefu wa karibu mita 4. Linganisha na mita 9.4 za jaribio la kiti. Kumbe parachuti yenyewe haijakamilika bila kiti kinachopondeka vizuri chini yake.

Sasa wewe uko wapi?

Una ndege ya zamani yenye mikanda ya kiunoni tu: weka mikanda ya bega iliyoidhinishwa kwa ndege hiyo, kwa viti vyote, ukianza na vya mbele. Usiulize kingine mpaka hapo. Fundi aangalie inaposhikizwa, kwa kuwa utepe imara uliofungwa kwenye bati laini utang'oka nalo.

Una mikanda ya bega yenye pembe nzuri, na fedha imebaki: hapo mfuko wa kwenye mkanda unaanza kuwa na maana, hasa kama chumba ni kifupi na dashibodi iko karibu na uso, au kama mkanda wako ni wa pointi tatu. Ukiwa na pointi tano na kofia ngumu, faida inapungua sana. Mimi ningeipeleka fedha kwenye kiti.

Unachagua kati ya ndege mbili mpya, moja ina mifuko ya hewa na viti vya zamani, nyingine ina viti vilivyopita g 26 bila mifuko. Ningechukua ya pili, nikapanga kuongeza mifuko baadaye ikiwa imeidhinishwa kwa ndege hiyo. Mifuko huongezeka. Kiti na sakafu inayokibeba ni vigumu kubadilisha.

Chuo cha urubani kina hesabu yake. Kiti kimoja hukaliwa na watu wengi wa maumbo tofauti kwa wiki, na bizimu hufunguliwa na kufungwa bila huruma. Mfuko wa kwenye mkanda unafaa kwa sababu unamfuata kila anayekaa, lakini kila asubuhi mtu akague kama utepe umesokoteka, ala imechanika, au nyaya za chini ya kiti zimekanyagwa.

Mwenye kubeba watoto wadogo asome mwongozo wa mkanda wenye mfuko kabla ya kufunga kiti cha mtoto juu yake. Kiti kinachotazama nyuma na mfuko unaofumuka havipatani. Kama ndege ina kiti kisicho na mfuko, mtoto akae hapo. Kumpakata haifai kabisa: mtoto wa kilo 10 kwa g 15 ana uzito wa kilo 150, na mikono ya mzazi haitamshika, huku mfuko ukifumuka katikati yao.